Foleni Ndani ya Ruta: Ugavi wa Upana wa Njia za Mtandao

Utangulizi

Mojawapo ya malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika maabara za tarakilishi, maktaba na mabweni ya vyuo vikuu ni kwamba mtandao "uko chini" ilhali haujakatika. Ukurasa wa matokeo ya mtihani unakataa kufunguka, barua pepe iliyoambatishwa sura ya tasnifu inakwama safarini, na wakati uo huo mtu aliyeketi meza ya pili anatazama mchuano wa kandanda bila taswira kukatika hata mara moja. Wengi huhitimisha kwamba chuo hakina mtandao wa kutosha. Huenda wakawa na haki. Hata hivyo, mara nyingi upungufu wenyewe si wa njia bali wa ugavi: njia ipo, lakini hakuna aliyeamua nani apite kwanza, na pasipo na uamuzi, mwenye pupa ndiye hupita. Makala haya yanaeleza namna ruta inavyoweza kupewa uamuzi huo kwa kutumia foleni, na kwa nini jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi pekee lina mgogoro wa haki ndani yake.

Yafaa istilahi chache ziwekwe wazi mapema. Upana wa njia ni idadi ya biti zinazoweza kupita katika njia fulani kwa sekunde moja. Baadhi ya watafsiri wa programu za tarakilishi huuita kipimo data, istilahi ambayo ina kasoro moja: kipimo ni kile kinachopimia, si kile kinachopimwa. Msemaji wa kawaida naye husema "kasi", na hapo hupotoka zaidi. Biti katika njia nyembamba haisafiri kwa mwendo wa kobe. Inachokosa ni nafasi ya kuingia. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi iliyokamilika mwaka wa 2012, haikubadilisha injini za matatu. Ilibadilisha idadi ya magari yanayoweza kwenda sambamba.

Ruta ni kifaa kinachopokea pakiti za data kutoka njia moja, kikasoma anwani zake, kisha kikazielekeza kwenye njia nyingine. Ama kuhusu foleni, neno hili liliingia Kiswahili kutokana na amri ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange mstarini, nalo limeshika kuliko mlolongo. Pengine ni heri. Kwa Mkenya aliyekuwa mtu mzima mwaka wa 1988, mlolongo unakumbusha uteuzi wa wagombea wa KANU, ambapo wapigakura walijipanga hadharani nyuma ya wawaniaji. Kinachochekesha ni kwamba mlolongo ule unafanana na kazi ya ruta kuliko foleni ya benki inavyofanana nayo, maana swali la kwanza halikuwa nani amefika mapema bali ni nani amesimama katika mstari upi.

Pakiti inapolazimika kungoja

Data haisafiri kama mto. Ujumbe hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti, na katika mitandao mingi pakiti kubwa huwa na baiti 1,500, yaani biti 12,000. Chukulia chuo chenye mtandao wa ndani wa megabiti 100 kwa sekunde, lakini chenye njia ya nje ya megabiti 2 pekee. Ndani ya chuo pakiti hiyo hutumwa kwa muda wa milisekunde 0.12. Ikifika mlangoni mwa kutokea, kuitoa huchukua milisekunde 6. Ruta hiyo basi inaweza kupokea pakiti hamsini katika muda ambao inatoa moja. Zile arubaini na tisa lazima zikae mahali, na mahali hapo ni ghala dogo la kumbukumbu ndani ya ruta. Zikiwa pakiti mia moja zimejipanga humo, ya mwisho itangoja milisekunde 600. Ghala likijaa, pakiti inayofuata hutupwa.

Hesabu za kungoja zilianza zamani, kabla ya tarakilishi kuwapo. Mwaka wa 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati Mdenishi aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi simu zinavyoingia kwenye mitambo. Mapema katika miaka ya 1960 Leonard Kleinrock, alipokuwa akiandika tasnifu ya uzamifu katika MIT, alizihamisha hesabu za aina hiyo hadi kwenye mitandao ya data. Katika umbo sahili kabisa la nadharia hiyo kuna tokeo moja ambalo kila msimamizi wa mtandao angefaa kulikariri. Njia ikitumika kwa nusu ya uwezo wake, pakiti hukaa kwa wastani mara mbili ya muda wa kuhudumiwa kwake. Ikitumika kwa asilimia 90, mara kumi. Ikitumika kwa asilimia 99, mara mia moja. Kwa maneno mengine, taabu haiongezeki hatua kwa hatua. Hutambaa kwa muda mrefu kisha huruka. Ndiyo sababu mtandao ulio shwari saa nne asubuhi huweza kuwa hautumiki saa tano, ilhali idadi ya watumiaji imeongezeka kidogo tu.

Mkasa wa Oktoba 1986

Mnamo Oktoba 1986 mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yalianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde. Majengo haya yako karibu kiasi kwamba mjumbe wa miguu mwenye kanda mkononi angeushinda mtandao huo. Hakuna waya uliokatika. Kilichotokea ni kwamba tarakilishi zilipoona majibu yanachelewa zilidhani pakiti zimepotea, zikazituma upya. Nakala hizo zikarefusha foleni, ucheleweshaji ukazidi, na nakala zaidi zikatumwa. Foleni ikajaa mizigo ambayo tayari ilikuwa imefika.

Van Jacobson, aliyechapisha maelezo ya tiba mwaka wa 1988, aliiwekea itifaki ya TCP tabia ambayo bado ni msingi wa intaneti: mtumaji aanze taratibu, aongeze kidogo kidogo, na aonapo pakiti imetupwa apunguze ghafla. Zingatia maana ya jambo hili. Mtumaji hujua njia imejaa kwa kuijaza. Kwa hivyo upakuaji mkubwa wa faili moja tu, ukiachwa uendelee, utajitanua hadi uigonge dari, na foleni mlangoni itabaki ndefu mradi faili hiyo ingali safarini. Upana ukiongezwa maradufu, faili nayo hujitanua maradufu. Wanaodhani kwamba dawa ya pekee ni kununua njia pana zaidi husahau tabia hii.

Shehena si moja

Laiti pakiti zote zingekuwa na hitaji moja, kanuni ya aliyetangulia ahudumiwe kwanza ingetosha. Sivyo ilivyo. Sauti ya simu inayopitishwa mtandaoni kwa usimbaji wa kawaida huzalisha pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na takriban 40 za anwani na maelezo mengine, jumla kilobiti 80 kwa sekunde. Kiasi hicho ni kidogo. Lakini Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu hupendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio, la sivyo wazungumzaji huanza kukatizana. Sauti basi haihitaji mengi, inahitaji mapema. Faili ya programu yenye megabaiti 700 ni kinyume chake: hakuna kipande chake hata kimoja kinachoharakisha, mradi jumla ifike. Barua pepe ni mvumilivu kuliko zote. Kati ya hizo kuna kurasa za wavuti, ambazo huja kwa vishindo vifupi, na msomaji wake hukereka baada ya sekunde mbili tatu.

Foleni moja ikizichanganya zote, anayeumia ni yule mwenye mzigo mdogo wa haraka. Pakiti ya sauti yenye baiti 200 husimama nyuma ya pakiti mia za faili, ikafika imechelewa na hivyo haina faida, kwa kuwa silabi iliyopaswa kusikika imekwisha kupita. Faili, kwa upande wake, haikupata faida yoyote kutokana na hasara hiyo.

Kuainisha na kutia alama

Hatua ya kwanza ya ugavi ni kutambua nini ni nini. Ruta huweza kutazama anwani ya mtumaji na mpokeaji, au nambari ya mlango wa huduma: 25 kwa barua pepe baina ya seva, 53 kwa utafutaji wa majina, 80 na 443 kwa wavuti. Isitoshe, pakiti yenyewe huweza kubeba alama. Maelezo rasmi ya itifaki ya intaneti ya mwaka wa 1981 yalitenga baiti nzima katika kichwa cha pakiti kwa ajili ya kutaja aina ya huduma inayotakiwa, lakini kwa miaka mingi mitandao mingi haikuijali. Mwaka wa 1998 baiti hiyo ilipewa tafsiri mpya: biti sita zake zitumike kama alama ya daraja, jambo linalotoa alama 64. Alama 46, kwa mfano, ndiyo inayotumiwa kwa desturi kwa sauti.

Hapa ndipo tatizo la kwanza la kijamii linapojitokeza. Alama ni dai, na dai halimgharimu mdai chochote. Endapo kila tarakilishi itaruhusiwa kujitia alama 46, basi baada ya muda mfupi kila pakiti chuoni itakuwa "sauti". Ndiyo maana mtandao wenye nidhamu huzifuta alama zote zinazotoka kwa watumiaji na kuzitia upya mpakani, pahali ambapo msimamizi ana mamlaka. Mbali na mpaka huo, kwenye intaneti pana, alama hizo hazina dhamana yoyote.

Nani ahudumiwe?

Baada ya kuainishwa, kila daraja hupata foleni yake, na ruta hubaki na swali la foleni ipi ichote pakiti ifuatayo. Jibu sahili zaidi ni kipaumbele kamili: mradi foleni ya juu ina pakiti, nyingine zote zingoje. Kwa sauti jibu hili linafaa sana, ila lina hatari. Foleni ya juu ikikosa kikomo, zile za chini hufa njaa kabisa. Barua pepe inaweza kukaa mchana kutwa bila kutoka. Mafundi wenye busara huwekea foleni hiyo kizuizi, tuseme asilimia 20 au 30 ya njia, na kinachozidi hapo hutupwa.

Jibu la pili ni la zamu. John Nagle alilipendekeza mwaka wa 1985: ruta isiwe na foleni moja, bali kila mtumaji awe na yake, nayo ruta izizungukie moja moja. Uzuri wa pendekezo hili ni kwamba linabadilisha faida ya pupa. Katika foleni moja, anayetuma zaidi hupata zaidi. Katika foleni za zamu, anayetuma zaidi hurefusha foleni yake mwenyewe, na jirani yake haguswi. Lakini zamu za Nagle zilihesabu pakiti, na mwenye pakiti kubwa alipata zaidi ya mwenye ndogo. Mwaka wa 1989 Alan Demers, Srinivasan Keshav na Scott Shenker walionyesha namna ya kuhesabu biti badala ya pakiti. Kutokana na kazi hiyo ikawa rahisi pia kutoa mizani: daraja moja lipewe sehemu tatu na jingine sehemu moja. Mwaka wa 1995 Shreedhar na Varghese walirahisisha hesabu hizo zaidi kwa njia ya mkopo: kila foleni ipewe idadi ya baiti kwa kila zamu, na ikishindwa kuzitumia kwa sababu pakiti iliyo mbele ni kubwa mno, salio lake lihifadhiwe hadi zamu ijayo.

Mfano utafafanua. Msimamizi wa ile njia ya megabiti 2 aweza kutenga kilobiti 400 kwa sauti, 600 kwa mfumo wa usajili na matokeo, 700 kwa wavuti ya jumla na 300 kwa mengineyo. Mgao huu ukifanywa kuta za mawe, utakuwa wa kipumbavu: usiku hakuna anayejisajili, na kilobiti 600 zitalala bure huku mwanafunzi akihangaika kupakua makala. Kwa hivyo madaraja hupangwa kama mti, kila tawi likiwa na kiwango cha hakika na kiwango cha juu. Tawi lisilotumia haki yake huwaazima ndugu zake, na linapoihitaji hurejeshewa papo hapo, kwa kuwa upana wa sekunde iliyopita hauwekwi akiba. Mpango wa aina hii ulioandikwa na Martin Devera wa Ucheki mwanzoni mwa miaka ya 2000 umo ndani ya Linux hadi leo, nao umewezesha taasisi zenye mkoba mwembamba kugeuza tarakilishi kuukuu kuwa ruta ya maana.

Kiwango chenyewe hulindwa kwa ndoo ya vibali. Vibali hudondoka ndooni kwa mwendo usiobadilika, na kila pakiti inayotoka hulipa vibali kulingana na ukubwa wake. Ndoo ikiwa tupu, pakiti hungoja. Kina cha ndoo ndicho kinachoamua mtumiaji aliyekuwa kimya aruhusiwe kishindo kikubwa kiasi gani.

Kuna sharti moja ambalo wengi hulikosa, wakalaumu programu bure. Ruta haiwezi kupanga foleni ambayo haiko kwake. Ikiwa njia ni ya megabiti 2 na ruta ya chuo hutuma kwa modemu kwa megabiti 100, foleni itajengeka ndani ya modemu, nje ya mamlaka ya kanuni zote zilizoandikwa kwa jasho. Dawa ni kuiwekea ruta kikomo kilicho chini kidogo ya upana halisi, tuseme kilobiti 1,900, ili pawe na msongamano pale panapotawaliwa. Kupoteza asilimia chache za njia kwa hiari ni bei ya kumiliki foleni. Kwa data inayoingia hali ni ngumu zaidi, kwa maana foleni yake iko kwa mtoa huduma. Kinachowezekana ni kuichelewesha au kuitupa baada ya kufika, ili TCP ya upande wa pili ielewe na kupunguza.

Foleni nazo zina mipaka yake. Kenya ilipotegemea setilaiti, kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kutia nanga Mombasa mwaka wa 2009, ishara ilipanda takriban kilomita 36,000 na kushuka nyingine kama hizo. Hata kwa mwendo wa nuru, safari hiyo ya upande mmoja ni milisekunde 240, zaidi ya kiwango kinachopendekezwa kwa sauti, kabla ya foleni yoyote. Vivyo hivyo kwa njia nyembamba mno: kwenye kilobiti 64, pakiti moja ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 187.5 kutoka, na kwa vile pakiti iliyoanza kutoka haikatizwi, sauti yenye kipaumbele cha juu kabisa huchelewa nyuma ya pakiti moja tu. Ilibidi pakiti kubwa zikatwe vipande.

Ghala kubwa kupita kiasi

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kutupa pakiti ni aibu, na bei ya kumbukumbu iliposhuka watengenezaji wakaongeza maghala. Kuanzia mwaka wa 2010 Jim Gettys alianza kuonyesha madhara yake. Ghala la megabaiti moja mbele ya njia ya megabiti moja huweza kuficha sekunde nane za kungoja. Pakiti haikupotea, imezeekea humo. TCP, inayongojea dalili ya kutupwa ili ipunguze, haipati dalili yoyote. Mwaka wa 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni inayotazama muda ambao pakiti imekaa foleni badala ya urefu wa foleni: ikiwa kwa milisekunde 100 mfululizo hakuna pakiti iliyongoja chini ya milisekunde 5, kutupa huanza. Kanuni hiyo ilipounganishwa na zamu za aina ya Nagle, matokeo yalikuwa mpango uliochapishwa rasmi mwaka wa 2018 na ambao hauhitaji kuainisha shehena kabisa. Mkondo mwembamba wa sauti hupita haraka kwa sababu haujengi foleni, si kwa sababu umejiita sauti. Hili ni suluhisho la kiungwana kwa tatizo la madai ya uongo.

Haki ya nani?

Uwezo wa kutenganisha shehena ni uwezo wa kubagua pia. Mwaka wa 2007 ilidhihirika kwamba Comcast, mtoa huduma wa Marekani, alikuwa akivunja kwa siri mawasiliano ya BitTorrent ya wateja wake. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilimkemea mwaka wa 2008, mahakama ikatengua uamuzi huo mwaka wa 2010, na kanuni za kuwakataza watoa huduma kupendelea zimetungwa mwaka wa 2015, zikafutwa 2017, zikarejeshwa 2024 na kubatilishwa tena na mahakama Januari 2025. India, kwa upande wake, ilipiga marufuku bei za upendeleo mwaka wa 2016. Tofauti kati ya chuo na mtoa huduma haistahili kupuuzwa: chuo hugawa njia kwa lengo linalojulikana, ilhali mtoa huduma anaweza kuuza nafasi ya mbele kwa mshindani wa mteja wake. Hata hivyo, chuo nacho huamua. Anayeandika kwamba video ziende foleni ya mwisho amehukumu kwamba mhadhara uliorekodiwa ni sawa na filamu, na sasa ambapo kurasa nyingi husimbwa fiche na kupita mlango 443, ruta haina namna rahisi ya kuzitofautisha.

Kugawa kwa usawa pia hakumalizi mjadala, kwa kuwa usawa huhitaji kitu cha kuhesabiwa. Mipango mingi huhesabu mikondo. Mwaka wa 2007 Bob Briscoe aliushambulia msingi huo kwa ukali: mtu anayefungua mikondo arubaini hupata mafungu arubaini, na jirani yake mwenye mmoja hupata moja, kisha matokeo huitwa haki. Mpango wa CAKE, ulioingizwa katika Linux mwaka wa 2018, hujaribu kurekebisha hilo kwa kugawa kwanza baina ya vifaa, kisha baina ya mikondo ya kila kifaa. Mwanafunzi mwenye kipakatalishi, tableti na rununu mbili bado huhesabiwa kuwa watu wanne.